Kiwewe Baada ya Msiba: Nafasi ya Ushauri Nasaha na Mtazamo wa Uislamu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Maswahaba zake wote. Amma baad.

Miongoni mwa masuala tunayoletewa mara kwa mara, baada ya darsa, kwa simu, na wakati mwengine mlangoni kwetu usiku, ni lile la mtu aliyepatwa na jambo zito kisha asirudi tena kuwa yule aliyekuwa. Halali. Anashituka kwa kishindo cha mlango. Amejitenga na watu. Jamaa zake wanauliza: Je, huyu ana shetani? Je, imani yake imedhoofika? Na tukimpeleka kwa mshauri hospitali, tutakuwa tumeiacha dini?

Katika makala hii tumekusanya, kwa kadiri ya uwezo wetu, maelezo juu ya maradhi haya yanayoitwa kiwewe, namna ushauri nasaha unavyoyatibu, na hukmu za kisharia zinazohusiana nayo. Tutaanza na khabari ambayo ndiyo iliyotusukuma kuandika, kwa sababu ndani yake mna kosa letu wenyewe.

MELI ILIPOZAMA

Wakaazi wa visiwa hivi hawahitaji kukumbushwa usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011. Meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, siku chache tu baada ya Sikukuu ya Iddi. Watu zaidi ya 600 waliokolewa. Mamia ya wengine walifariki au hawakuonekana tena. Kabla jeraha halijapoa, tarehe 18 Julai 2012, mwezi wa Ramadhani ukiwa unabisha hodi, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam.

Sisi wenye kuitwa masheikh tulifanya tuliyoyajua. Tuliosha maiti, tukasali, tukazika, tukasoma khitma, tukachangisha kwa ajili ya mayatima. Khutba zetu zilikuwa za subira na qadari. Siku arubaini zilipopita tukadhani kazi imekwisha.

Katika mwaka wa tatu alitujia mtu mmoja miongoni mwa waliookolewa. Tumebadilisha baadhi ya mambo ili asijulikane, na yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kueleza. Alikuwa mkaazi wa Unguja, mzaliwa wa Pemba. Usiku ule alikaa baharini kwa saa nyingi ameng'ang'ania godoro, akiwa na mtoto wa dada yake wa miaka saba. Yeye aliokolewa. Mtoto hakuonekana. Tangu siku hiyo hakupanda tena chombo. Mama yake aliugua huko Pemba akafariki, akazikwa, na yeye yuko Unguja amekaa gatini na tiketi mkononi, miguu imekataa. Nyumbani alikuwa hawezi hata kujimwagia maji usoni. Kwa hivyo udhu ukawa mzito, na sala zikaanza kumpita. Majirani wakasema ana jini linalochukia sala.

Tulimjibu nini? Tulimwambia amuogope Mwenyezi Mungu, kwani ameacha kumzika mama yake na anaacha sala. Tukamuagiza aongeze adhkari na amshukuru Mola wake aliyemuokoa. Alisikiliza kwa adabu, akatushukuru, akaondoka. Hakuja tena msikitini kwa miezi kadhaa.

Aliyetuzindua alikuwa jamaa yetu muuguzi. Alituuliza: "Sheikh, mtu akija na mguu uliovunjika, utamwambia asali kwa kusimama?" Hatukuwa na jawabu. Tangu hapo tulianza kusoma juu ya jambo hili na kukaa na wanaolijua, na haya yafuatayo ndiyo tuliyoyafahamu.

KIWEWE NI NINI?

Kila mtu hupata huzuni na khofu anapofikwa na msiba. Hayo si maradhi. Anayekosa usingizi wiki ya kwanza, analia, hataki kula, huyo ni binaadamu, na wengi katika hao hupata nafuu kidogo kidogo kwa kuwa na jamaa zao, kwa sala na dua na kwa kurudi katika shughuli zao.

Lakini wapo ambao msiba kwao haupiti. Madaktari huyaita maradhi hayo kwa kifupi PTSD, na kwa Kiswahili tunaweza kusema maradhi ya kiwewe. Yaliingizwa rasmi katika orodha ya maradhi ya akili ya madaktari wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, lakini hali yenyewe ni kongwe kama vita, moto na bahari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 3.9 ya watu duniani wamewahi kuyapata katika uhai wao. Hayatokani na ajali za meli tu. Ajali za barabarani, kubakwa, kupigwa na mume, uzazi uliokaribia kuondoa roho, moto na vita, vyote hivyo vinaweza kuyasababisha.

Wataalamu wanaeleza hivi. Kumbukumbu ya kawaida huwa kama kitu kilichowekwa sandukuni: mtu anajua kiko wapi, akitaka hukitoa, kisha hukirejesha. Kumbukumbu ya tukio la kutisha huingia vipande vipande, bila ya mpangilio, pamoja na harufu, sauti na baridi ya maji. Haina tarehe. Kwa hivyo inapoamshwa, mwili haujui kuwa jambo hilo limepita. Moyo hwenda mbio na jasho humtoka kana kwamba meli inazama sasa hivi.

DALILI ZAKE

Dalili zinagawika katika mafungu, na ili ziitwe maradhi huwa zimedumu kwa wiki kadhaa au zaidi ya mwezi na zinamzuia mtu na maisha yake:

1. Tukio kujirudia. Ndoto mbaya zile zile, au picha zinazomvamia mchana akiwa macho.

2. Kukwepa. Hataki kupita mahala, kusikia khabari, wala kukutana na watu wanaomkumbusha. Wengine huacha kazi, na wavuvi huuza vyombo vyao.

3. Mwili kuwa macho daima. Kushituka ovyo, hasira za haraka, usingizi wa mang'amung'amu, kukaa karibu na mlango.

4. Fikra na hisia kubadilika. Kujilaumu, kuona aibu, kuhisi moyo umekufa ganzi, kutofurahia hata watoto wake.

Kwa watoto dalili huweza kuwa tafauti. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Hurudia tukio katika mchezo wake, kila siku anazamisha vyombo katika beseni. Hung'ang'ania kanga ya mama yake. Au huwa mkorofi chuoni na skuli, na akapigwa kwa jambo ambalo si ukorofi.

JE, NI UDHAIFU WA IMANI?

Jawabu ni hapana, na wenye imani kubwa kutushinda sote wamefikwa na huzuni na khofu.

Nabii Ya'aquub ('Alayhis salaam), ambaye subira yake Qur-aan imeisifu kuwa ni subira njema, alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Hayo yamo katika Suratu Yusuf, na Mwenyezi Mungu hakumlaumu. Mama yake Nabii Musa, aliyemtia mwanawe majini kwa amri ya Mola wake na kwa ahadi ya kurejeshewa, ameelezwa katika Suratul Qasas kuwa moyo wake ulibaki mtupu, akakaribia kuitoa siri, lau si Mwenyezi Mungu kumtia nguvu moyoni. Akina mama waliopoteza watoto baharini naizingatieni khabari hii. Na Mtume wetu (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim, akabainisha kuwa machozi ni rehma.

Kwa hivyo subira si kunyamaza. Subira ni kuuzuia moyo usimchukie Mola wake, ulimi usitamke yanayomghadhibisha, na mikono isipige mashavu na kuchana nguo. Ama mtu kusema "naumwa", "naogopa", "silali", hayo hayavunji subira. Wanavyuoni wameeleza kuwa mgonjwa kumuelezea tabibu maradhi yake, bila ya kinyongo na qadari ya Mwenyezi Mungu, si kulalamika.

Tazameni pia alivyofanya mama yetu Khadija (Radhiya Allahu 'anha). Haasha, hatulinganishi wahyi na maradhi; tunachukua funzo la namna ya kumpokea aliyeingiwa na khofu. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) aliporudi kutoka pango la Hira akitetemeka na kutaka afunikwe, alimfunika kwanza mpaka khofu ilipomuondoka. Hakumuhoji wala hakumlaumu. Kisha akamsikiliza alipoeleza yaliyomfika. Kisha akamtuliza kwa kumtajia mema yake anayoyajua: kuunga udugu, kuwabeba wanyonge, kuwakirimu wageni. Kisha akampeleka kwa mwenye ilimu, Waraqah bin Nawfal. Amani, kusikilizwa, kukumbushwa kheri, na kupelekwa kwa mjuzi: huo ndio mpangilio tulioukosa sisi siku ile.

Wala elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu Masaalihul Abdaan wal Anfus, juu ya siha ya miili na ya nafsi. Humo alizungumzia khofu, huzuni, hasira na wasiwasi kama maradhi yenye kutibiwa, na akashauri mtu ajiwekee fikra njema wakati wa utulivu kama anavyojiwekea dawa nyumbani kabla hajaugua. Hospitali za miji ya Kiislamu, kama ile ya Sultan Qalawun iliyojengwa Cairo mwaka 1284, zilikuwa zikiwahudumia wagonjwa wa akili pia.

USHAURI NASAHA UNATIBU VIPI?

Wengi hudhani ushauri nasaha ni kupewa mawaidha. Sivyo. Mshauri mwenye mafunzo huongea kidogo na kusikiliza sana, na kazi yake ina hatua zinazofahamika.

Hatua ya kwanza ni usalama. Mgonjwa huelezwa maradhi yake ni yapi, akajua kuwa hajawa mwendawazimu. Hufundishwa kuvuta pumzi taratibu, kupanga usingizi, na kuurudisha mwili mahala alipo anapovamiwa na kumbukumbu: aguse ukuta, ataje vitu vitano anavyoviona, ajue leo ni siku gani. Hii huweza kuchukua vikao vichache au vingi.

Hatua ya pili ni kusimulia. Mgonjwa hulieleza tukio tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio, kwa kasi anayoiweza, akiwa mahala pa amani. Hulieleza tena na tena katika vikao tafauti. Vile vipande vilivyotawanyika hupangwa na kupewa tarehe, na mwili hujifunza kuwa jambo limekwisha. Pamoja na hayo huchunguzwa zile fikra zinazomuua mtu ndani kwa ndani, hasa "mimi ndiye niliyesababisha".

Hatua ya tatu ni kurudi. Mgonjwa huyaendea yale aliyoyakwepa, kidogo kidogo, kwa mpango: leo kufika Forodhani na kuangalia bahari kwa mbali, wiki ijayo kusimama karibu na gati, baadae kukanyaga maji ya pwani.

Tiba za namna hii huchukua kwa kawaida vikao 8 hadi 16, kimoja kwa wiki. Ipo pia tiba ya kusogeza macho, aliyoianzisha Francine Shapiro wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Humo mgonjwa hulikumbuka tukio huku macho yakifuata mkono wa mtabibu. Ipo na tiba ya kusimulia maisha yote, ambamo hutandikwa kamba sakafuni, maua yakawekwa penye siku za furaha na mawe penye siku za msiba, kisha mtu akaisimulia kamba yake jiwe kwa jiwe.

Baadhi ya wagonjwa huhitaji dawa pia, na daktari ndiye mwenye kuamua. Tunatahadharisha juu ya vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa dukani bila ya cheti. Vinazoesha mwili na haviondoi kiwewe. Vilevile haifai kumlazimisha mtu aeleze kila kitu siku ile ile ya msiba. Wataalamu wameona kikao kimoja cha kulazimisha hakimkingi mtu na maradhi haya. Siku za mwanzo mtu anahitaji maji, chakula, nguo kavu, jamaa zake na khabari za kweli.

Tukirudi kwa ndugu yetu yule: jamaa zake walimshawishi, akaonana na mshauri kwa muda wa miezi minne. Alituelezea baadae kilichotokea. Kwa miaka mitatu alikuwa na picha moja tu, ya godoro bila ya mtoto, na hukmu moja tu, kwamba alimuachia. Alipolisimulia tukio mara ya tano au ya sita, kwa utaratibu, kilimrudia kipande kilichopotea. Aliufunga mkono wa mtoto kwa shuka yake. Aliushika mpaka vidole vyake vilipokufa ganzi, na wimbi ndilo lililowatenganisha. Mshauri hakumwambia kuwa hana kosa. Aliliona mwenyewe. Na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa iwezalo.

Baada ya hapo alipanda boti ya mchana kwenda Pemba, mkono mmoja umeshika tasbihi, akasimama katika kaburi la mama yake. Hakupona kila kitu. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu usiku, bado huamka akakaa kitako. Lakini analala tena. Na anasali.

YALIYOTHIBITI KATIKA NCHI ZA KARIBU NASI

Asije mtu akasema haya ni mambo ya Wazungu. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, wakimbizi wa Kisomali na Kinyarwanda walitibiwa kwa tiba ya kusimulia maisha na washauri waliotoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha walipata nafuu. Mashariki mwa Kongo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulihusu wanawake waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Wale waliokaa katika vikundi vya tiba chini ya wahudumu wa Kikongo waliopewa mafunzo walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliopata msaada wa kawaida. Na huko Moshi kwetu Tanzania, na Bungoma nchini Kenya, watoto 640 waliofiwa na wazazi walihusishwa katika utafiti wa tiba kama hii, iliyotolewa na watu wa kawaida waliofundishwa. Matokeo hayakuwa sawa kila mahala, lakini upande wa Kenya nafuu ilionekana hata baada ya mwaka mmoja.

Funzo tunalolichukua ni kuwa watu wetu wenyewe, wakifundishwa na wakasimamiwa vyema, wanaweza kufanya kazi hii.

MASUALA YA KIFIQHI TUNAYOULIZWA

Je, inajuzu kutafuta tiba hii? Inajuzu. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametuhimiza kujitibu na akatujuulisha kuwa kila maradhi yana dawa. Kuchukua sababu hakupingani na kutawakkal.

Na kisomo cha ruqya? Ruqya kwa Qur-aan na dua sahihi ni jambo la kisharia na hatuliachi. Mgonjwa asomewe, na aende kwa mshauri. Kisichojuzu ni kumpiga, kumfunga kamba, kumfukiza hadi akakosa pumzi, au kumwendea mpiga ramli. Aliyenusurika kuzama kisha akapigwa ili "jini litoke" ameongezewa kiwewe juu ya kiwewe.

Je, mshauri akiwa si Muislamu? Akiwa ni muaminifu na mjuzi wa kazi yake, na hamuamrishi mtu maasi wala hamkatazi ibada, inajuzu. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) katika Hijra alimkodi Abdullahi bin Urayqit awaongoze njia, naye wakati huo hakuwa Muislamu. Aliyejaaliwa kumpata Muislamu mwenye sifa hizo, huyo ni bora zaidi kwake.

Mwanamke na mshauri mwanamme? Atafutwe mshauri mwanamke kwanza. Asipopatikana, na haja ipo, basi kikao kiwe bila ya faragha iliyokatazwa: mlango uwe wazi kiasi, au maharimu wake awe karibu anapoona ingawa hasikii. Dharura hukadiriwa kwa kiasi chake.

Je, kueleza siri si kujifedhehesha? Aliyedhulumiwa, kama aliyebakwa, hana dhambi ya kuisitiri. Aeleze, na asione haya. Ama aliyetenda dhambi mwenyewe, aeleze kiasi kinachohitajika kwa tiba tu. Na mshauri ajue kuwa vikao ni amana. Atakayeitoa siri hiyo mtaani amekhini.

Anayeogopa maji na udhu? Faradhi katika kuosha uso ni mara moja, maji yakaenea. Mara tatu ni sunna. Hakuna sharti la kujimwagia. Achote kidogo kwa kiganja, apitishe upande mmoja kisha mwengine, macho wazi akitaka. Hata josho linasihi kwa viganja, maadam maji yamefika mwili mzima. Ndugu yetu yule alianza hivyo, na mshauri wake alifurahi, kwani ilikuwa ni sehemu ya tiba.

Mke wa aliyepotea na maiti yake haikuonekana? Huyu ana jeraha la peke yake, kwa sababu hajui alie au angoje. Asiachwe na maneno ya mtaani. Apelekwe Mahkama ya Kadhi, ambako kwa ushahidi itatolewa hukmu juu ya mauti ya mumewe, na kutokana na hukmu hiyo ajue eda yake, mirathi na uhuru wake wa kuolewa. Na pamoja na hukmu, apatiwe wa kumsikiliza. Amkumbuke pia aliyetufundisha (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kuwa Muislamu aliyekufa maji ni miongoni mwa mashahidi.

WAJIBU WA FAMILIA, CHUO NA MSIKITI

Kwa familia: msimwambie "shukuru, wenzako wamekufa". Maneno hayo humzidishia kujilaumu. Msimwambie "sahau". Mwambieni "tupo, tunakusikia". Kaeni naye bila ya kumlazimisha kuzungumza. Mume au mke avumilie hasira zinazotokana na maradhi, lakini hakuna maradhi yanayohalalisha kupiga. Anayepiga atengwe na anayeumia, na wote wawili wasaidiwe.

Kwa walimu wa vyuo: mtoto aliyebadilika ghafla asitangulizwe bakora. Aulizwe kwa upole, na mzazi wake aitwe. Tumeona watoto waliosifiwa kwa utulivu kumbe wamekufa ganzi.

Kwa maimamu: sisi ndio wa mwanzo kuendewa. Tusiwe wa mwisho kujua. Tujue dalili, tujue mshauri yuko wapi, na tumfuate mtu mpaka afike, kama Khadija alivyofuatana na mumewe mpaka kwa Waraqah. Siku arubaini zikipita, turudi tukabishe hodi tena.

WAPI PA KWENDA

Anzeni katika kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya wilaya, Unguja na Pemba, mkaulize huduma ya afya ya akili. Kwa Unguja ipo Hospitali ya Kidongo Chekundu. Tunajua jina hilo linavyotumiwa mitaani kwa kejeli, na tunajua watu wangapi wameacha tiba kwa kukhofia kuonekana getini. Kumcheka mgonjwa ni dhambi, na kumzuia tiba kwa ajili ya kejeli hiyo ni kushirikiana nayo.

Mtu akisema anatamani kufa, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, au akatishia kujidhuru, asiachwe peke yake hata kwa muda mchache. Ziondolewe kamba, dawa na sumu, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asikaripiwe kwa dhambi ya kujiua wakati huo, kwanza aokolewe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa wale waliotujia na jeraha tukawarudisha na lawama. Awarehemu waliozama, awatulize waliobaki, na awajaalie wanaosikiliza maumivu ya watu wawe na ilimu, amana na huruma. Aamiin.

Wallahu a'lam.